MUUNGANO: NI SHIRIKA AU NI NIKAHA?

(Matni ya muhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa madrasa, Unguja)



 



Mada tuliyopewa usiku huu ni nzito, na wako waliotunasihi tusiiguse. Tuliwajibu kwamba tayari imeguswa na vijana wetu wenyewe darasani. Tulikuwa tukisomesha mlango wa shirika katika fiq-hi, tukieleza namna watu wawili wanavyochanganya mitaji yao na namna kila mmoja anavyoweza kujitoa. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akanyanyua mkono akauliza: “Ustadh, na huu Muungano wetu wa Tanganyika na Zanzibar ni shirika au ni nikaha? Kama ni shirika, mbona hatuwezi kujitoa? Na kama ni nikaha, mume ni nani?” Darasa zima lilicheka. Sisi tulicheka pia, lakini jawabu hatukuwa nalo. Tulimwahidi kwamba tutamjibu, na ahadi ni deni. Usiku huu tunalipa deni hilo kwa kadiri ya uwezo wetu.

NI KITU GANI KILIFUNGWA?

Mtu hawezi kuhukumu mkataba asioujua. Hivyo basi, tuanze na yale yasiyobishaniwa.

Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Disemba 1961. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na Mapinduzi yakafuatia tarehe 12 Januari 1964. Takriban siku mia moja baadaye, tarehe 22 Aprili 1964, Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume walitia saini Mkataba wa Muungano hapa hapa Zanzibar. Bunge la Tanganyika liliuridhia tarehe 25 Aprili, na siku iliyofuata, yaani tarehe 26, Muungano ukaanza. Wananchi wa pande zote mbili hawakupigishwa kura. Ama suala la kuridhiwa kwa Mkataba huo na Baraza la Mapinduzi la Zanzibar, hilo limekuwa likibishaniwa na wanasheria na wanahistoria mpaka leo.

Mambo yaliyotajwa katika Mkataba kuwa ni ya Muungano yalikuwa 11, miongoni mwao mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, kodi ya mapato na bandari. Leo orodha iliyomo katika nyongeza ya Katiba ya mwaka 1977 imefika mambo 22. Sarafu imeongezwa, mafuta ghafi na gesi asilia vimeongezwa, Baraza la Mitihani limeongezwa, na hata uandikishaji wa vyama vya siasa.

Aidha, mkataba ule uliziacha serikali mbili. Zanzibar ikabaki na serikali yake. Tanganyika haikubaki na serikali inayoitwa kwa jina lake. Mambo yake yakabebwa na Serikali ya Muungano. Hapo ndipo penye fundo, na malalamiko yote ya miaka zaidi ya sitini yanazunguka fundo hilo hilo.

KILA UPANDE UNALIA

Sisi wa visiwani tumezoea kusikia kilio chetu peke yetu. Kilio hicho ni cha kweli. Tunasema kwamba mambo ya Muungano yaliongezwa pasi na sisi kuulizwa. Tunasema kwamba anayevaa kofia ya Muungano ndiye huyo huyo avaaye kofia ya Tanganyika, hivyo linapotokea shauri baina yetu na Bara, hakimu na mdaiwa ni mmoja. Mwaka 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, na mwaka 1993 ikalazimika kutoka, kwa kuwa mambo ya nje si mamlaka yake. Hata katika mpira, mwaka 2017 Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Soka la Afrika mwezi Machi, na ilipofika Julai uanachama huo ukafutwa, kwa hoja kwamba shirikisho hilo haliwezi kuwa na vyama viwili vya nchi moja.

Lakini insafu inatutaka tusikilize na kilio cha ndugu zetu wa Bara. Wao husema: Wazanzibari wana bendera yao, wimbo wao, Rais wao na Baraza lao la Wawakilishi, sisi Tanganyika yetu iko wapi? Husema tena: Wabunge kutoka Zanzibar wanakaa Dodoma wakipiga kura juu ya mambo ya Bara yasiyo ya Muungano, ilhali sisi hatuna mbunge hata mmoja katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 1993 wabunge 55 walidai Bungeni iundwe Serikali ya Tanganyika, na hao walikuwa wa chama tawala chenyewe. Tukumbuke pia hesabu ya watu: katika sensa ya mwaka 2022 nchi nzima ilikuwa na watu 61,741,120, na Zanzibar ni 1,889,773. Mtu wa Bara akiona visiwa vyenye watu kiasi cha asilimia 3 vina Rais, na mwaka 2021 mzaliwa wa Unguja akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri nzima, huhisi kwamba yeye ndiye aliyepunjwa.

Ndugu zangu, ukiona washirika wawili na kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ndiye anayemdhulumu, usikimbilie kusema kwamba mmoja wao ni mwongo. Yumkini wote wawili ni wakweli, na kosa limo katika mkataba.

SHIRIKA

Tuje sasa kwenye swali la kijana wetu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, shirika linalosihi lina masharti yake. Mali zichanganywe mpaka isijulikane hii ya nani na hii ya nani. Faida na hasara zigawiwe kwa kadiri ya mitaji. Kila mshirika ni wakili wa mwenzake, na mkono wake ni mkono wa amana. Na kwa wanavyuoni wengi, mbali ya Wamaliki, shirika si mkataba wa kumfunga mtu daima. Kila mmoja anaweza kuuvunja. Hata hivyo Wahanafi wameweka sharti zuri: mwenzako ajue. Haifai kuvunja kwa siri, ukamwacha akinunua na kuuza kwa jina lenu akidhani mngali pamoja.

Ukiupima Muungano kwa mizani hii utaona kwamba umefanana na shirika kwa upande mmoja na umetofautiana nalo kwa upande mwingine. Umefanana, kwa kuwa ni wawili waliokutana kwa hiari ya viongozi wao, kila mmoja na chake. Umetofautiana, kwa kuwa mtaji uliotiwa humo haupimiki. Zanzibar ilileta nini? Ilileta dola yake na kiti chake katika Umoja wa Mataifa. Tanganyika nayo ilileta hivyo hivyo. Dola si mchele, huwezi kuiweka kwenye mizani ukasema yangu kilo tatu na yako kilo tisini na saba. Ndiyo maana anayesema “sisi ni wachache, tupewe kidogo” anakosea, na anayesema “sisi ni nusu kwa nusu katika kila kitu” naye anakosea.

NIKAHA

Wengine husema Muungano ni ndoa. Mfano huu hutumiwa sana na viongozi wanapotaka kutunyamazisha, kana kwamba ndoa haina mlango wa kutokea. Lakini sisi ndio wasomeshaji wa mlango wa nikaha, na tunajua kwamba sheria yetu haikumfunga mtu katika ndoa isiyo na ridhaa. Imeweka talaka, imeweka khului, imeweka na kufasakhi. Na kabla ya hayo yote imeweka suluhu: hakimu mmoja kutoka kwa watu wa mume na hakimu mmoja kutoka kwa watu wa mke, wakae, wasikilize. Ikishindikana, kuna eda, ili mambo yasikatwe kwa hasira za siku moja.

Sasa tujiulize. Je, sisi tumekosa mahakimu? La, hatukuwakosa. Tume ya Jaji Nyalali mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipendekeza serikali tatu. Kamati ya Jaji Kisanga mwaka 1999 ilipendekeza serikali tatu. Tume ya Jaji Warioba, iliyozunguka nchi nzima na kutoa rasimu mbili mwaka 2013, nayo ilipendekeza serikali tatu, na mambo ya Muungano yakapunguzwa hadi saba. Tume tatu, zama tatu, majaji watatu wa Bara, jawabu moja. Na kila mara mapendekezo hayo yaliwekwa kando. Mwaka 2014 Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili, baada ya wajumbe wengi wa upinzani kususia. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na wananchi hawakuitwa tena kuipigia kura Katiba hiyo.

Basi kosa letu ni lile la watu waliowaita mahakimu, wakawalisha, wakawasikiliza, kisha wakaifungia hukumu kabatini.

TULIYOYAONA KHARTOUM

Hadi hapa huenda vijana wetu wamefurahi, wakidhani kwamba tutamalizia kwa kusema: tuvunje. Tunawaomba wasubiri kidogo.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 tulikuwa masomoni Khartoum. Watu wa Sudan Kusini walipiga kura kuanzia tarehe 9 Januari, na asilimia zaidi ya 98 walichagua kujitenga. Hatuwalaumu. Walikuwa wamepigana vita vya miongo miwili, na Mkataba wa mwaka 2005 uliitaka serikali ya Khartoum iufanye umoja uwe kitu cha kuvutia. Walipewa miaka sita ya kuvutiana, na miaka hiyo sita ikapita bure. Eda ilikwisha, mume hajafagia hata ua.

Karibu na bweni letu alikaa mama mmoja aliyekuwa akiuza chai chini ya mti. Asili yake ilikuwa Kusini, lakini alizaliwa Omdurman na Juba hakuwahi kuiona. Kiarabu chake kilikuwa fasaha kuliko chetu sisi tuliokwenda kukisomea. Ilipofika Julai, Sudan Kusini ikatangazwa kuwa dola, na mama yule akaambiwa kuwa ni mgeni. Wenzake waliokuwa na kazi za serikali waliachishwa. Tuliona mabasi yamefungwa vitanda na makabati juu yake. Yeye alituuliza, hali akimimina chai: “Mwanangu, nitarudi vipi mahali ambapo sikutoka?” Siku moja tulipita, mti upo, na yeye hayupo.

Na baada ya hapo? Mafuta yalikuwa Kusini, bomba lilipita Kaskazini, na bei ya kupitisha haikuwa imekubaliwa kabla ya kutengana. Mwezi Januari 2012 Kusini wakafunga visima, na mwezi Aprili majeshi ya pande mbili yakapigana Heglig. Disemba 2013 Kusini wenyewe kwa wenyewe wakaanza kuuana. Aprili 2023 Khartoum nayo ikawaka moto, na mitaa tuliyosomea ikawa magofu. Hatusemi kwamba kutengana ndiko kulikoleta yote haya. Tunasema kwamba bendera mpya haikumponya yeyote na dhulma aliyokuwa nayo moyoni.

Sasa rudini nyumbani. Kaka yetu wa tumbo moja ana duka Mwanza kwa miaka kumi na minane, na watoto wake wanasema Kisukuma. Nendeni Kariakoo, nendeni Tanga, mtawakuta watu wa Pemba wamejenga, wameoa, wamezika wazee wao huko. Na hapa Unguja, tazameni waliotoka Bara wanaofanya kazi katika mahoteli, wanaojenga nyumba zetu, na wanaosomesha watoto wetu skuli. Siku tutakayotengana kwa hasira, ni nani kati ya hawa atakayeulizwa swali la mama wa chai?

WALIOULIZANA KWA AMANI

Kuna waliofuata njia nyingine. Scotland iliungana na England mwaka 1707. Baada ya miaka zaidi ya 300, watu wake walitaka kuulizwa. Mwezi Oktoba 2012 serikali ya Edinburgh na ile ya London ziliandikiana mkataba wa namna kura itakavyopigwa, na tarehe 18 Septemba 2014 wakapiga. Asilimia 55 walisema tubaki, asilimia 45 wakasema tutoke. Waliotoa hoja ya kutoka hawakuitwa wahaini. Kweli, suala lenyewe halikufa. Bado wako wanaotaka kuulizwa tena, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kwamba Bunge la Scotland haliwezi kuitisha kura hiyo peke yake. Lakini hawakumwaga damu. Muungano wao unaguna, nao ungali hai.

Wacheki na Waslovaki waliachana tarehe 1 Januari 1993. Wananchi wao hawakuulizwa kwa kura, na hilo ni dosari. Lakini viongozi walikaa wakagawana mali kwa hesabu, mbili kwa moja kulingana na idadi ya watu, na mpaka leo wanazuriana.

Na nchi za Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi wanatafuta riziki, ziliungana mwaka 1971 na hazijaachana. Katiba yao imeacha mali asili ya kila ufalme iwe mali ya ufalme huo. Sisi wenyewe tumeionja hekima hiyo: mwaka 2015 sheria ya mafuta ya Muungano ilifungua mlango, na mwaka 2016 Zanzibar ikatunga sheria yake ya mafuta na gesi. Je, Muungano ulivunjika? Haukuvunjika. Kero iliyodumu miongo kadhaa ilianza kufunguliwa bila bendera yoyote kushushwa.

JAWABU LETU

Kijana wetu, jawabu letu ni hili. Muungano si shirika la dukani wala si nikaha ya watu wawili, bali ni mkataba wa umma mbili. Na kila mkataba roho yake ni ridhaa. Anayesema kwamba kuuliza juu yake ni dhambi ameugeuza mkataba kuwa itikadi, na itikadi zetu tunazijua, Muungano haumo. Ikiwa watu wa Zanzibar au watu wa Tanganyika, kwa kura ya haki, wataamua kujitawala wenyewe, hiyo ni haki yao, na kuwazuia kwa mtutu wa bunduki ni dhulma. Tulikwisha onja mwezi Januari 2001, pale damu ilipomwagika Pemba na watu wetu wakavuka bahari kwa ngalawa na mashua kukimbilia Shimoni, Kenya. Yasirudi.

Lakini tukiulizwa sisi tungechagua nini, hatutaficha. Tungechagua kubaki ndani ya muungano mwepesi: Tanganyika na serikali yake, Zanzibar na serikali yake, na machache yaliyokubaliwa juu yao. Hatuchagui hivyo kwa kuogopa. Tunachagua kwa sababu ya kaka yetu wa Mwanza, na kwa sababu ya mwalimu wa Bara anayemsomesha mtoto wetu hesabu.

Na ikiwa wengi wataona kinyume cha rai yetu, basi tunayo masharti manne ambayo hatutayaacha.

Kwanza, kila upande uulizwe peke yake, kwa swali la wazi, ili wingi wa mmoja usimeze sauti ya mwengine.

Pili, masharti ya kuachana yaandikwe kabla ya kura: madeni, mali, bahari, pensheni. Tumesahau Jumuiya ya Afrika Mashariki? Ilivunjika mwaka 1977 kwa ghadhabu, na mgawanyo wa mali ulitiwa saini mwaka 1984, miaka saba baadaye. Wazee waliokuwa wafanyakazi wake walidai mafao yao kwa miaka mingi zaidi ya hiyo, na wengine walifariki wakiwa wanadai.

Tatu, asifanywe mgeni mtu yeyote pale anapokaa. Mpemba wa Mwanza na Msukuma wa Unguja wachague wenyewe uraia wao, na nyumba zao zisiguswe.

Nne, kuwe na eda ya miaka inayojulikana, na itumike kwa kazi, isiwe kama ile ya Sudan.

Ndugu zangu, vijana wana haraka na wazee wana hofu. Haraka humfanya mtu akate kamba hali angali juu ya mnazi. Hofu nayo humfanya mtu akae nyumba inayovuja miaka sitini, kila mvua ikinyesha anahamisha kitanda. Fundi yupo, ngazi ipo, na makuti yapo. Lililokosekana ni kukubaliana nani apande.

Tunamuomba Allah (S.W.) aziunganishe nyoyo za watu wa Bara na visiwani, awape viongozi wetu insafu ya kusikiliza na awape wananchi subira ya kusema bila ya kudhuru. Tukikosea, makosa ni yetu. Tukipatia, ni kwa tawfiqi Yake.

Na yule kijana wa safu ya nyuma, tunamwona amekaa pale mlangoni. Ahadi yetu tumeitimiza. Ikiwa jawabu halikutosha, kesho baada ya Alfajiri tutakuwa darasani, mlango wa shirika bado hatujaumaliza.